Maneno Magumu ya Kiingereza na Jamaa Zao

Wako wanafunzi ambao mtihani ukikaribia hukariri ukurasa mzima wa kamusi usiku, na asubuhi hawana hata neno moja. Mimi mwenzenu, mtu wa Ngumi katika visiwa vya Wabajuni, nataka kueleza njia ifaayo zaidi.

Wazee wetu walimkamata kasa kwa samaki aitwaye chazo. Walimfunga kamba mkiani, wakamwachia, naye akanata juu ya kasa. Kisha wakavuta polepole. Neno geni nalo hukamatwa vivyo hivyo, kwa neno ulilo nalo tayari.

Tazameni neno "monsoon". Sisi twajua musimu, wa kaskazi na wa kusi. Asili yake ni Kiarabu, mawsim. Wareno walilichukua, na kutoka kwao likawafikia Waingereza. "Zero" na "cipher" yote mawili yatoka katika sifr, ndiyo sifuri yetu. Hata "magazine", yaani gazeti kama hili, latokana na neno la Kiarabu la maghala, lenye shina moja na hazina.

Lakini jihadharini, maana jamaa hufanana sura wakatofautiana tabia. "Tariff" ni ndugu wa taarifa, ila maana yake ni orodha ya ushuru au ya bei. Kwa hiyo kamusi haiachwi.

Maneno mengine yana asili ya Kilatini. Shina "port" ni kuchukua mzigo: "import" ni kuingiza bidhaa nchini, "export" kuzipeleka nje, na "porter" ni mchukuzi. Shina moja, maneno matatu.

Kila neno liandikeni daftarini pamoja na sentensi yenu wenyewe, kisha litumieni katika mjadala kabla juma halijaisha. Neno lisilotumika hupotea.

Wala msidhani kazi hii ni ya mtihani tu. Vita vya Somalia vya mwaka 1991 viliwafukuza Wabajuni wengi, na baadhi yao walifika Uingereza kuomba hifadhi. Huko waliulizwa habari za visiwa vyao, wapate kusadikiwa kwamba ndiko watokako. Basi anzeni na vitu vya kwenu: upepo, mwamba, wavu na mashua. Yafaa mtu aweze kueleza kwao kwa kinywa chake mwenyewe, asimtegemee mkalimani.