Nyumba yenye magurudumu: Kwa wengine likizo, kwa wengine ndiyo maisha

Mzazi, kama una mtoto anayependa kuangalia video kwenye simu yako, huenda umeshakutana na familia ya Kimarekani inayoishi ndani ya gari. Wiki hii wako jangwani, wiki ijayo wako ufukweni. Watoto wanaandika kwenye meza ambayo usiku hukunjwa ikawa kitanda. Jiko lipo, friji ipo, choo kipo, na nje ya dirisha kuna mlima.

Swali linalomjia mtazamaji ni rahisi: hawa wako likizo, wamehama, au hawana pa kwenda?

Hata wenyewe hawakubaliani. Wamiliki wa magari haya, ambayo Marekani huitwa kwa kifupi RV, wamebishana kwa miaka mingi kuhusu nani ni mpiga kambi, nani ni msafiri na nani ni mkazi. Ukisikiliza kwa haraka utadhani ni ubishi wa barazani. Lakini jina analojipa mtu ndilo linaloamua bima yake italipa au haitalipa, atapigia kura wapi, na mtoto wake atahesabiwa kuwa mwanafunzi wa shule ipi.

Ni gari la namna gani?

Yapo ya aina mbili kubwa. Ya kwanza ni gari lenye injini yake, kuanzia kigari cha mizigo kilichotiwa kitanda hadi basi zima lenye sebule. Ya pili ni karavani, yaani chumba chenye magurudumu kinachovutwa na gari jingine. Nyingi huwa na matangi ya maji: moja la maji safi, jingine la maji yaliyooshea vyombo na kuogea, na la tatu la choo. Anayeishi humo hujifunza mapema kwamba maji yana mwisho na kwamba tangi la choo halijimwagi lenyewe.

Biashara hii ni ya zamani. Kampuni ya Airstream, inayojulikana kwa karavani zake zinazong'aa kama sufuria mpya, ilianza mwaka 1931. Winnebago ilianza mwaka 1958 katika mji wa Forest City, jimbo la Iowa. Leo sehemu kubwa ya magari haya hutengenezwa Indiana, kuzunguka mji wa Elkhart. Wakati wa janga la Uviko-19, watu walipoogopa hoteli na ndege, mauzo yalipaa: mwaka 2021 viwanda vilipeleka sokoni zaidi ya magari 600,000. Kufikia mwaka 2023 idadi ilikuwa imeshuka hadi karibu nusu ya hapo. Wengi walionunua walikuwa na ndoto. Barabara ndiyo iliyowaonyesha wao ni watu wa aina gani.

Kutoka wikendi hadi mwaka mzima

Ngazi ya kwanza ni ya wapiga kambi wa wikendi. Gari hukaa uani mwaka mzima, hutoka Ijumaa jioni na kurudi Jumapili. Nyumba yao iko palepale. Hawa ndio hutaniwa na wenye mahema, wanaosema kwamba mtu mwenye kiyoyozi na televisheni hapigi kambi, amehamisha sebule tu.

Ngazi ya pili ni wasafiri wa msimu. Maarufu zaidi ni wastaafu wa majimbo ya kaskazini, wanaoitwa ndege wa theluji kwa sababu hukimbia baridi kila mwaka. Wengi huishia Quartzsite, mji mdogo wa jangwani katika jimbo la Arizona. Pembeni yake kuna ardhi ya serikali inayoruhusu kukaa kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15, na kwa miaka mingi ada ya msimu wote ilikuwa dola 180. Huduma ni chache, kwa hiyo kila mtu hujitegemea kwa umeme wa jua na maji aliyobeba.

Ngazi ya tatu ni wakazi wa kudumu, wale waliouza nyumba au kuacha kupanga. Hapa ndipo ubishi unapokolea. Je, mwenye nyumba aliyoifungia vitu vyake kijijini ni mkazi wa barabara kweli? Na yule aliyeegesha karavani kwenye kiwanja kimoja miaka miwili bila kusogea, bado ni msafiri? Wapo wanaosema kipimo ni magurudumu kuzunguka. Wengine husema kipimo ni kimoja tu: kama leo gari likiharibika, una mlango mwingine wa kufungua?

Ngazi ya nne ni wanaofanya kazi huku wakihama. Wengine hukaribisha wageni kambini kwa malipo ya nafasi ya kuegesha, wengine huvuna mazao ya msimu, wengine hufanya kazi za kompyuta kwa intaneti. Filamu ya Nomadland, iliyoshinda tuzo ya Oscar ya filamu bora mwaka 2021, ilionyesha watu wazima wa kundi hili, na iliwaacha watazamaji wakijiuliza uhuru unaishia wapi na uhitaji unaanzia wapi.

Nyumba au gari?

Serikali yenyewe ina majibu mawili. Sheria ya kodi inakubali kwamba gari lenye mahali pa kulala, jiko na choo linaweza kuhesabiwa kuwa nyumba, hata riba ya mkopo wake ikapata nafuu ya kodi. Lakini kanuni za makazi zinaliweka kando na nyumba za kawaida, kwa maelezo kwamba limeundwa kwa safari na mapumziko, si kwa makazi ya kudumu.

Maneno hayo yana maana. Baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005, maelfu ya familia zilizopoteza nyumba ziliwekwa kwenye karavani. Wakazi walilalamikia macho kuwasha na matatizo ya kupumua. Vipimo vya serikali vilivyotangazwa mwaka 2008 vilikuta hewa ya ndani ya karavani nyingi ina gesi ya formaldehaidi, itokayo kwenye mbao za gundi, kwa kiwango kikubwa kuliko cha nyumba za kawaida. Chumba kilichotengenezwa kwa ajili ya wiki mbili kilikuwa kimegeuka kuwa chumba cha mtoto kwa miaka.

Bima nayo huuliza swali hilohilo. Bima ya mapumziko ni tofauti na ya mkazi wa kudumu. Anayetangaza kwamba hutumia gari wikendi, kumbe anaishi humo na watoto, anaweza kunyimwa fidia siku moto ukitokea.

Kisha kuna anwani. Ni vigumu kupata leseni au akaunti ya benki bila anwani, hata kama unalala mahali tofauti kila usiku. Kwa hiyo wakazi wa barabara huchagua jimbo la kuwa kwao, hasa South Dakota, Texas na Florida, ambayo hayatozi kodi ya jimbo kwenye mshahara. Chama cha Escapees, kilichoanzishwa mwaka 1978, hupokea barua za wanachama wake mjini Livingston, Texas, na kuwafuatishia walipo. South Dakota imekuwa ikitoa leseni kwa msafiri anayeonyesha risiti ya kulala jimboni usiku mmoja. Lakini mwaka 2023 ilipitisha sheria inayotaka siku 30 za kuishi humo kabla ya kujiandikisha kupiga kura. Leseni ungeweza kuwa nayo, kura ukaikosa.

Mtoto anasomea wapi?

Kwa mzazi, hapa ndipo penye uzito. Kumfundisha mtoto nyumbani ni halali katika majimbo yote 50 ya Marekani, lakini masharti hayafanani. Texas haimtaki mzazi apeleke mpango wa masomo popote. New York inadai mpango wa maandishi, ripoti za kila robo mwaka na tathmini ya mwisho wa mwaka. Familia inayohama hufuata sheria za jimbo lake la anwani, na inapokaa mahali kwa muda mrefu inabidi iulize sheria za hapo.

Faida zipo. Mtoto anaweza kusoma habari za volkano akiwa amesimama juu yake. Serikali ya Marekani pia huwapa wanafunzi wa darasa la nne kibali cha kuingia bure hifadhi za taifa pamoja na familia zao. Wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure.

Hasara nazo zipo, na hazionekani kwenye video. Mtoto mdogo hufurahia mzazi kuwa karibu saa zote. Kijana wa miaka 14 anahitaji mlango wa kufunga, rafiki wa kumwona kesho na keshokutwa, na timu inayomsubiri. Familia nyingi za barabarani hupanga safari pamoja na familia nyingine ili watoto wakutane tena mji unaofuata.

Pale isipokuwa hiari

Ukipita mitaa fulani ya Los Angeles utaona magari ya aina hiyohiyo yameegeshwa mfululizo kando ya barabara. Matairi yameisha pumzi, madirisha yamezibwa kwa maturubai. Waliomo hawakuchagua mtindo wa maisha. Kodi ya nyumba iliwazidi.

Kwa mbali, familia hii na ile ya video zinafanana. Kwa mtoto hazifanani, na sheria imejaribu kuweka mstari. Sheria ya McKinney-Vento ya mwaka 1987 inamtambua mtoto anayeishi kambini au kwenye karavani kwa sababu wazazi hawana makazi mengine ya kufaa kuwa hana makazi. Hilo linampa haki: shule lazima impokee mara moja hata kama hana cheti cha kuzaliwa, rekodi za chanjo wala uthibitisho wa anwani, na anaweza kusaidiwa usafiri ili abaki shule aliyoizoea. Familia iliyochagua barabara haihesabiwi humo.

Wazazi wengine huona aibu kusema kwamba hawakuchagua. Hujiita wasafiri, na mtoto hukosa kilichokuwa haki yake. Wakati huohuo miji imepata nguvu zaidi: Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya mji wa Grants Pass, kwamba miji inaweza kuadhibu watu wanaolala maeneo ya umma hata kama hawana pa kwenda.

Kama ndugu yako anafikiria

Wapo ndugu zetu walioko Marekani wanaopiga hesabu ya kodi ya nyumba na kuona karavani kama njia ya mkato. Kabla hajalipa, muulize haya:

Amekodi moja kwa wiki mbili pamoja na watoto, kukiwa na mvua na bila kwenda popote? Bima yake imeandikwa kwamba anaishi humo? Anajua watoto watasoma chini ya sheria za jimbo gani? Ving'amuzi vya moshi na vya gesi ya kaboni monoksaidi vinafanya kazi? Gesi hiyo haina harufu, na chumba ni kidogo. Kiti cha mtoto kimefungwa kwenye siti inayotazama mbele? Siti zinazotazama ubavuni hazifai kwa viti vya watoto. Na ana akiba ya kupanga chumba siku injini ikikataa?

Swali la mwisho waulizwe watoto wenyewe, na waulizwe kila mwaka. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mtoto anayesema amechoka kuhama anaeleza hali ya ndani ya nyumba hiyo kuliko picha yoyote ya machweo, na mzazi anayemsikiliza atajua kama familia yake bado iko safarini au imefika wakati wa kutafuta mahali pa kutua.