Kigali hadi Chicago kwa ndege: ni mbali kiasi gani?

Labda unaye dada au mjomba aliyekwenda kuishi Chicago, nawe umesikia majibu matatu kuhusu umbali huo. Mmoja husema 12,400, mwingine 7,700, wa tatu 6,700. Hakuna mwongo. Wa kwanza ametaja kilomita kuanzia Kigali, wa pili maili za kawaida, wa tatu maili za baharini, ambazo marubani huzitumia; kila moja ni mita 1,852.

Ndege haifuati barabara. Kutoka Kamembe, hapa jirani na Giheke, hadi Kigali ni kama kilomita 150 hewani, lakini gari likizunguka kupitia msitu wa Nyungwe linapita 200.

Tena dunia ni mviringo. Chukua mpira wa miguu na uzi, hata ule mpira wa majani ya migomba wa watoto unafaa. Tia alama mbili mbalimbali, kisha vuta uzi kati yake mpaka ukaze. Hiyo ndiyo njia fupi, na kwenye ramani ya ukutani huonekana imepinda. Ndiyo maana ndege itokayo Brussels kwenda Chicago mara nyingi hupanda kaskazini, karibu na ncha ya kusini ya Greenland, ingawa Chicago iko kusini kuliko Brussels. Rubani hajapotea.

Msafiri wa Chicago hubadili ndege njiani. Akipitia Brussels atasafiri kilomita 6,350 hivi, halafu 6,700 nyingine: jumla kama 13,000. Ameongeza kilomita 600 tu. Angani atakaa saa 16 au 17, na kungojea uwanjani hakumo katika hesabu hiyo. Kwa hiyo dawa, maziwa ya mtoto na karatasi zote zikae katika mfuko wa mkononi, si katika mzigo mkubwa.

Sasa jambo la fedha. Wako watu wanaozunguka wakisema, "Ni mbali, lipa kwanza nikuandikishe." Usitoe hata faranga moja. Huduma za UNHCR ni bure, pamoja na kupelekwa nchi ya tatu. Waliopokelewa Marekani kwa mpango wa wakimbizi walisafirishwa na IOM kwa mkopo usio na riba, unaolipwa baada ya kufika, si kabla. Na mpango huo ulisimamishwa kwa walio wengi Januari 2025, kwa hiyo anayekuahidi kiti cha ndege kwa fedha zako anakuibia.

Ukitaka kumpigia ndugu yako, ngoja saa mbili usiku. Kwao itakuwa saa sita mchana, au saa saba katika miezi ya joto, maana huko husogeza saa mbele. Ukipiga saa mbili asubuhi utamwamsha usiku wa manane.