DEPO YA DAWA: NI NANI ANAPATA KAZI MULE?



Tukisikia "kazi ya dawa" wengi wetu tunafikiri watu wawili tu: munganga, na yule anayeuza vidonge katika farmasi. Lakini katikati ya kiwanda na farmasi iko depo, ni kusema nyumba inayouza dawa kwa jumla. Hapana kidonge kimoja kimoja. Ni makartoni, kwa hospitali, kwa santre za afya na kwa wenye farmasi. Ninyi wa mwaka wa sita munaongojea egzameni ya Leta, someni vizuri.

Kazi hii imegeuka namna gani? Zamani dawa nyingi za Leta zilitoka katika depo yake ya Kinshasa. Njia ile iliharibika pole pole, na uporaji wa 1991 ulizidisha shida. Ndipo watu wa mikoa walianza kujisaidia. Goma ilipata ASRAMES mwaka 1993. Bukavu, kanisa la 8e CEPAC lina depo yake. Kisha shirikisho FEDECAME lilianzishwa, kusudi depo za mikoa zinunue pamoja. Pembeni yao wako wafanyabiashara wengi. Basi kazi haiko tena Kinshasa peke yake, imefika hata kwetu.

Lakini aina ya kazi nayo imegeuka. Mbele walitafuta mtu wa mabega ya kubeba. Leo wanatafuta mtu wa hesabu. Wako hawa:

1. Mtaalamu wa dawa mwenye diploma ya chuo kikuu. Sheria inataka awepo, ndiye anajibu mbele ya Leta.
2. Wasaidizi waliosoma ITM ao ISTM.
3. Magazinye, mwenye kutunza stoki.
4. Kontable, shofere, na mtu wa kufwata mizigo kwenye duane, maana dawa zetu nyingi zinatoka ngambo, hasa Uhindi.

Juu ya nini hesabu? Tufanye mfano. Magazinye ana masanduku 600 ya dawa moja. Hospitali zinachukua 50 kila mwezi. Stoki itamaliza miezi 12. Lakini ile dawa itakufa baada ya miezi 8. Katika miezi 8 yatatoka masanduku 400 tu. Masanduku 200 yatachomwa moto! Aliyefanya ile kugawanya mapema atatafuta hospitali ingine yenye lazima, na hakuna kitu kitapotea. Kwa hiyo kanuni ya depo ni hii: dawa itakayokufa mbele, itoke mbele, hata kama iliingia nyuma. Na chanjo nyingi zinalindwa kati ya digri 2 na 8; moto unaweza kuziua.

Sitawadanganya: nafasi si nyingi. Depo moja haiandike watu mia, na ordinatere sasa inafanya sehemu ya kazi ya makarani waliojaza fishi kwa mkono. Mwenye kungoja nafasi ya karani wa kunakili tu, atangoja sana. Lakini ordinatere haiendi kwenye rafu kuhesabu. Mtu akiandika uongo, nayo itasema uongo, na muuguzi wa kijijini atafungua kabati tupu mbele ya mtoto mwenye homa.

Basi tufanye nini? Tusizarau hesabu na kemia. Tujifunze Kingereza kidogo pamoja na Kifaransa, maana makartoni ya Uhindi yameandikwa hivyo. Na tuzoee kuandika kweli, hata katika daftari ya kantini ya shule. Pale ndipo depo inaanzia.