Njia za Hisi: Safari ya Ishara kutoka Mwilini hadi Ubongoni

1. Utangulizi

Neno mshipa lina mzigo mkubwa katika Kiswahili. Hutaja njia ya damu, kano inayounganisha msuli na mfupa, ugonjwa wa ngiri, na pia ule uzi unaochukua hisi kutoka ngozini. Katika mazungumzo ya kila siku wingi huu wa maana hauleti madhara. Lakini mkulima wa Luberizi, katika uwanda wa Ruzizi, akimwambia muuguzi kuwa mishipa ya mkono wake imekufa, muuguzi huyo, aliyesomea kazi yake kwa Kifaransa, hana budi kuuliza kwanza ni mishipa ipi. Makala haya yanaeleza njia ya hisi ilivyo na yanaonyesha kwamba kuitenga na njia ya damu ni suala la afya kama lilivyo suala la lugha.

2. Istilahi

Waandishi wa Kiswahili wamekabili utata huu kwa njia mbili. Ya kwanza ni kufafanua: mshipa wa fahamu. Ya pili ni kutohoa: neva. Istilahi ya kwanza ina sifa ya kujieleza yenyewe. Ya pili ni fupi, na humfikia kwa urahisi msemaji wa mashariki ya Kongo aliyezoea kusikia neno la Kifaransa linalofanana nalo. Vilevile yafaa kutenga uti wa mgongo, ambao ni mifupa, na ugwemgongo, yaani ule ugwe laini wa neva unaopita ndani ya mifupa hiyo.

3. Safari ya ishara

Mtu anayepalilia mpunga akikanyaga mwiba, vipokezi vilivyomo ngozini hugeuza mchomo huo kuwa ishara ya umeme. Kila kipokezi kina kazi yake: kimoja huhisi mguso, kingine joto, kingine jeraha. Kipokezi kinachohisi joto la kuunguza, lipitalo nyuzi 43 hivi za Selsiasi, ndicho pia huamshwa na pilipili. Ndiyo maana ulimi huungua ingawa hakuna moto. Ugunduzi wa kipokezi hicho ulimpatia David Julius Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021, pamoja na Ardem Patapoutian aliyegundua vipokezi vya mguso.

Ishara hazisafiri kwa kasi moja. Zile za mguso hupita kwenye nyuzi nene kwa kasi ya mita 35 hadi 75 kwa sekunde. Maumivu makali ya kwanza hufuata nyuzi nyembamba zaidi, mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Na maumivu ya kufukuta hujikokota kwa mita 2 au pungufu. Kwa hiyo mwiba huuma mara mbili: kwanza kama sindano, kisha kama kaa la moto. Hata kabla ubongo haujapata habari, ugwemgongo huwa umekwisha kuamuru mguu uinuke.

Kutoka hapo njia hugawanyika. Ishara za mguso mwepesi hupanda upande uleule wa mwili hadi kwenye shina la ubongo, na huko ndiko huvuka. Ishara za maumivu na joto huvuka mapema, ndani ya ugwemgongo wenyewe. Zote hukutana katika thalamasi, kituo kilichomo katikati ya ubongo, kisha hupelekwa kwenye gamba la ubongo la upande wa pili. Hivyo mguu wa kulia huhisiwa na ubongo wa kushoto.

4. Njia inapokatika

Ukoma ndio mfano ulio wazi zaidi. Bakteria wake, aliyegunduliwa na Gerhard Armauer Hansen wa Norwei mwaka 1873, hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi, na hushambulia neva zilizo karibu na ngozi, kama ile ipitayo kwenye kiwiko. Hisi ya joto na maumivu aghalabu hutangulia kupotea. Baka lisilouma halimtishi mtu. Naye huendelea kushika sufuria ya moto na kutembea juu ya kidonda. Vidole haviliwi na bakteria, kama wengi wanavyodhani: huharibiwa na majeraha yasiyohisiwa, yanayooza bila mwenyewe kujua.

Hapa ndipo neno lina uzito. Mgonjwa anayedhani kuwa mishipa iliyokufa ni ya damu huenda akatafuta dawa ya kuongeza damu, huku neva zikiendelea kuharibika. Ilhali ukoma hutibika: dawa mseto zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981 zimekuwa zikitolewa bila malipo tangu mwaka 1995. Dawa hizo huua bakteria, lakini neva iliyokwisha kufa mara nyingi hairudi. Kuwahi ndiko kunakookoa mkono.

5. Hitimisho

Maumivu ni mjumbe, na mjumbe hauawi. Kiswahili kina neno ganzi kwa hali ya mjumbe huyo kutofika. Muuguzi akiuliza, "Je, pana ganzi?", badala ya kuuliza habari za mishipa kwa jumla, swali lake hufika panapostahili, na pamba inayogusishwa polepole juu ya baka husaidia kupunguza shaka.