Tundu Lisilopimwa Hula Mfuko

Ukishuka kutoka steji ya Olympic kuingia Kianda, Kibera, hukosi kukuta bodaboda iliyofunguliwa injini. Mwenyewe amesimama kando, helmeti mkononi, siku ya kazi ikimpita. Dalili alishaziona: moshi wa bluu, oili kupungua bila kuvuja, pikipiki kuchoka mlimani. Fundi anapitisha ukucha ndani ya silinda, karibu na mdomo wa juu. Ukucha unakwama kwenye kidaraja chembamba. Hapo ndipo ringi ya juu ilipokuwa ikigeuza mwendo, ikila chuma kilicho chini na kuacha cha juu kikiwa kizima.

Dawa yake ni ribo: tundu la silinda lichongwe upya, liingie pistoni kubwa zaidi. Pistoni hizo huuzwa kwa hatua za robo milimita: 0.25, 0.50, 0.75, hadi milimita 1. Kukata chuma si shida. Shida ni kujua pa kuachia. Kati ya pistoni na ukuta hutakiwa nafasi ya sehemu chache tu kati ya mia za milimita, nyembamba kuliko unywele. Ikibana, pistoni ikishika moto huvimba na kukwama. Ikilegea, moshi hurudi, na mwendeshaji hulipia kazi ileile mara mbili.

Viwanda vinavyochonga matundu kwa maelfu hupima kwa geji ya hewa. Kampuni ya Ufaransa ya Solex, iliyojulikana kwa kabureta, ilikuwa ikitumia mbinu hii kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Ukitaka kuielewa, nenda kwenye kioski cha maji. Mpira unapojaza mtungi wa lita 20, sogeza kidole gumba mdomoni mwa mpira huo. Kadiri kidole kinavyokaribia, maji hupungua na msukumo huongezeka. Geji ya hewa ni hivyohivyo: kijiti laini huingizwa tunduni, na hewa hutoka kwa vitundu viwili ubavuni mwake. Ukuta ukiwa karibu, hewa hubanwa; ukiwa mbali, hupita kwa wingi. Kipimo husomwa kwa mikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Chuma hakiguswi wala kukwaruzwa, na hewa yenyewe hupuliza oili iliyobaki. Mpimaji akizungusha kijiti na kukishusha, huona kama tundu ni yai au limepanuka chini.

Lakini kila saizi hudai kijiti chake, pete mbili za kurekebishia na hewa kavu, safi. Fundi anayepokea pikipiki ya Boxer leo na ya TVS kesho, geji ya hewa haimfai. Kifaa chake ni geji ya saa ya kupimia matundu, iliyowekwa sawa kwa mikromita. Akiitumia vizuri atasoma mara sita: juu, katikati na chini, kila mahali pande mbili. Tena atangoja chuma kipoe, kwa kuwa tundu la chuma cha kusubu la milimita 56 likizidi joto kwa nyuzi 30 hupanuka karibu mikroni 18.

Kipimo si suala la karakana pekee; ni la viwanda pia. Kenya ilishaota ndoto ya kuunda gari. Mwaka 1990 lilizinduliwa Nyayo Pioneer, kazi ya wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, lakini halikufika kuuzwa kwa umma. Kiwanda husimama imara pale pistoni yoyote inapoingia silinda yoyote bila kupigwa msasa, na hilo huzaliwa na kipimo. Mikono ya jua kali inayo ustadi, imekosa vifaa. Vyuo vya ufundi na kaunti viwafungulie mafundi vyumba vya kupimia kwa ada ndogo, vyenye geji zilizohakikiwa na Shirika la Viwango la Kenya.

Nawe mwendeshaji, mali bila daftari huisha bila habari. Kabla hujalipia ribo, muulize fundi: juu imesoma ngapi, katikati ngapi, chini ngapi? Akuandikie kwenye risiti.