Fundi, mita yako ni ya kazi gani?

Msimu wa mpunga unapofika Malampaka, wilayani Maswa mkoani Simiyu, mashine ya kukoboa ikisimama hata nusu siku ni hasara. Magunia yanapanga foleni, mwenye mashine anakosa wateja, na mkulima aliyetaka kuuza mchele siku hiyo anarudi nyumbani mikono mitupu. Anaitwa fundi, naye anatoa maltimita mfukoni. Uamuzi wote utakaofuata unategemea namba atakayoisoma hapo.

Ndugu msomaji, sizungumzii mita ya LUKU. Maltimita ni kile kipimo kidogo chenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, kinachopima volti, ampia na omu. Madukani zipo za bei ya chini sana na zipo za bei kubwa, na kwa macho zinafanana. Je, fundi wa kijijini anunue ipi?

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Kwa maltimita, msemo huo ni kweli nusu tu. Jibu linategemea kazi.

Anayeshughulika na betri za pikipiki, redio na sola ndogo za volti 12 anaweza kuanza na mita ya bei ndogo. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.7. Ikisoma 12.0 imeishiwa sana. Kwa kazi hiyo, mita rahisi inatosha na hatari ya umeme ni ndogo.

Mashine ya kukoboa ni habari nyingine. Mota ya fezi tatu hutumia takriban volti 400 kati ya fezi na fezi, na 230 kati ya fezi na nyutro. Fezi moja ikikatika, mota inanguruma, inapata joto na hatimaye inaungua. Fundi mwenye mita nzuri ataligundua hilo kwa dakika chache, kabla mwenye mashine hajaingia gharama ya kusuka upya mota. Mwenye mita mbovu anaweza kumpoteza tajiri wake, au kupoteza maisha yake mwenyewe.

Kwa kazi hiyo, tazama mambo manne kabla ya kulipa.

Kwanza, alama ya CAT. CAT II ni kwa vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi. CAT III ni kwa mifumo ya ndani ya jengo, pamoja na mbao za umeme na mota za fezi tatu. CAT IV ni pale umeme unapoingia kutoka kwenye nguzo. Fundi wa mashine asishuke chini ya CAT III ya volti 600. Kwa kuwa yeyote anaweza kuchapa alama hiyo, tafuta pia nembo ya maabara huru, kama UL au TÜV.

Pili, fyuzi. Mita nyingi rahisi zimeandikwa kwamba tundu la ampia 10 halina fyuzi. Ukisahau waya kwenye tundu hilo kisha ukapima volti za umeme mkubwa, umetengeneza shoti mkononi mwako. Mita ya kuaminika ina fyuzi za kauri kwenye matundu yote ya ampia.

Tatu, nyaya zake. Ziwe nene, laini, zenye ncha zilizofunikwa vizuri. Nyaya nazo ziwe na alama ya CAT.

Nne, ijaribu dukani. Gusisha ncha mbili kwenye omu, isome karibu na sifuri. Pima betri kavu mpya ya volti 1.5. Pima soketi, kisha linganisha na mita nyingine. Kumbuka pia kwamba betri ya ndani ikichoka, mita nyingi rahisi husoma namba kubwa kuliko ukweli, hivyo betri mbovu ya mteja itaonekana nzima.

Sasa tufanye hesabu. Chukua mfano huu, kisha weka bei za dukani kwako. Mita ya shilingi 15,000 inayodumu miezi sita inakugharimu shilingi 2,500 kwa mwezi. Ya shilingi 90,000 inayodumu miaka mitano inakugharimu shilingi 1,500 kwa mwezi. Ile iliyoonekana ghali ndiyo nafuu, hata kabla ya kuhesabu mota iliyookolewa. Asiye na fedha zote kwa mkupuo anaweza kuweka akiba kidogo kila kazi, au mafundi wawili wanaoaminiana wakachangia moja.

Hata ukiwa na mita bora, usiiamini kwa upofu. Kabla ya kushika waya uliozimwa, pima kwanza penye umeme unaoujua, kisha pima waya huo, halafu rudi penye umeme. Mita ikifa katikati, utajua.

Nawe mwenye mashine una wajibu. Ita fundi mwenye leseni ya EWURA, na kabla hujakubali mota yako ifunguliwe, mwambie akuonyeshe namba za fezi zote tatu. Akishindwa kuzionyesha, usitoe hela bado.