Grafu Iliyofifia Haiponi kwa Kuvutwa

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, au wa chuo cha Mkwawa pale Iringa, anayechora mvua ya mwezi kwa mwezi kwa programu ya R, huona nguzo zimenyooka vizuri kwenye kioo cha kompyuta. Zikishachapwa, herufi zina ukungu, na vinguzo vya Juni hadi Septemba, miezi ambayo Nyanda za Juu Kusini hukaukiwa, vimegeuka madoa: hujui kama ni sifuri au milimita mbili. Lawama humwendea mwenye printa. Mara nyingi anaonewa.

Hesabu yenyewe ni fupi. Usipoiagiza vinginevyo, R huhifadhi picha ya PNG ya pikseli 480 kwa 480. Itandaze kwenye upana wa sentimita 16 za karatasi ya A4, kila inchi itapata pikseli 76 tu, ilhali uchapaji mzuri hutaka kama 300. Programu haikushindwa kuchora. Ilijipangia saizi kwa sababu hakuna aliyeitajia. Kuivuta picha pembeni ndani ya Word hakuongezi kitu, kwani pikseli zilizopo zinanenepa tu. Ndiyo maana ukubwa wa karatasini huamuliwa kabla ya kuhifadhi, si baada ya kubandika.

Kuna atakayesema basi tuongeze pikseli, yaishe. Hayaishi. Ukiagiza upana wa pikseli 1,890 huku kipimo cha res, yaani pikseli kwa kila inchi, kikibaki 72 kama kilivyo, nguzo zinakua lakini maandishi yanabaki kama sisimizi. Res nayo ipande hadi 300. Kwa grafu ya nguzo au mistari, PDF na SVG ni bora zaidi: hazihifadhi pikseli bali maelekezo ya mstari unapoanzia na unapoishia, na nukta hukokotolewa wakati wa kuchapa. Wapo wanaodai faili hizo ni nzito, zinakula bando. Kwa nguzo 12, zinakuwa kilobaiti chache tu. Dai lao lina haki pale unapochora mvua ya kila siku kwa miaka 60, nukta karibu 22,000, kila moja na maelekezo yake. Hapo PNG inashinda. JPEG tuiachie picha za harusi, maana hubana kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kuacha madoadoa ya kijivu kando ya herufi nyeusi.

Inabaki njia ya kutoka kwenye kompyuta hadi steshenari, na huko grafu nzuri nyingi huharibikia. Fungua sifa za faili la PNG usome upana wake. Ukiwa mamia machache ya pikseli, kosa limefanyika wakati wa kuhifadhi. Ukikaribia 1,900 na bado chapa ina ukungu, mshuku Word, ambayo hubana picha waraka unapohifadhiwa mpaka uzime mpangilio huo, kisha WhatsApp, ambayo hupunguza kinachotumwa kama picha lakini hufikisha kilivyo kinachotumwa kama hati.